Saa Tano na Dakika Kumi

Lifti ya jengo la wagonjwa wa nje iliharibika Jumatano saa mbili na nusu asubuhi, siku pekee ya wiki ambayo kliniki ya wazee ilifanyika ghorofa ya tano. Ukumbi wa chini ulijaa. Viti vya magurudumu vilijipanga ukutani, mikongojo iligonga sakafu, na binti mmoja alikuwa akimlisha baba yake mkate huku akimfokea mlinzi. Mbele ya milango iliyoachwa wazi alipiga magoti mwanamume wa miaka thelathini na kitu, ovaroli ya buluu iliyonyooshwa kwa pasi, penseli nyuma ya sikio.

"Bado sana?" aliuliza mwanamke mmoja nyuma yake.

Fundi hakugeuka. "Inategemea sana yako ina urefu gani."

"Nina wagonjwa kumi na wanane hapa chini na profesa mmoja huko juu."

"Basi mshushe profesa. Si ni mmoja tu?"

Alimsikia akicheka, kicheko cha mtu ambaye hakupanga kucheka, ndipo akageuka. Aliona koti jeupe lililomzidi urefu, viatu bapa vya manjano, na nywele zilizofungwa kwa mpira wa kufungia mafaili. Mwanamke alikuwa daktari kamili, mwaka wa tatu wa kusomea ubingwa wa magonjwa ya akili ya wazee. Fundi hakujua hayo. Alijua tu kwamba macho ya mwanamke yule yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi, na kwamba bado alikuwa na nguvu za kubishana.

"Ikipona nipigie," alisema daktari. "Nitakuwa nawapandisha mmoja mmoja kwa ngazi."

"Lifti haiponi, dokta. Inatengenezwa."

"Na wagonjwa wangu wengi hawaponi pia. Andika namba."

Fundi alipiga saa nne kasorobo. "Mgonjwa wako amesimama mwenyewe," alisema. "Ila akifika ghorofa ya tatu anatetemeka kidogo."

"Umri wake?"

"Ishirini na mbili."

"Bado mdogo. Mwambie asiogope."

Siku tatu baadaye alipiga tena, na baada ya hapo hakuacha. Kampuni yake ilihudumia lifti za hospitali nzima, kwa hiyo sababu hazikukosekana, na zilipokosekana alizitunga.

"Leo umepiga kuhusu lifti ipi, fundi?"

"Ya nyumbani kwetu."

"Kwenu kuna lifti?"

"Hakuna. Ndiyo maana naleta malalamiko."

Walikutana kwenye kantini ya wafanyakazi, mezani karibu na dirisha, yeye na ovaroli yake, daktari na vitabu vyake. Fundi aliuliza maswali ya kweli. Alitaka kujua unajuaje kwamba kichwa cha mzee kimeharibika, wakati huwezi kukifungua kama boksi la nyaya. Daktari alimweleza kwamba ugonjwa wa usahaulifu, sonona na kuchanganyikiwa kwa ghafla kunakoletwa na homa huweza kufanana sana kwa mzee, na kwamba kazi yake yote ni kuvitofautisha.

"Na ukikosea?"

"Mtu anarudishwa nyumbani kumbe alitakiwa kubaki."

"Yaani kama mimi nikikosea."

"Wewe ukikosea, mpenzi, watu wanaanguka ghorofa tano."

Neno lile lilimtoka bila kukusudia. Fundi aliweka kijiko chini taratibu. "Rudia hapo kwenye ghorofa," alisema. "Kabla ya ghorofa, hasa."

Mwezi wa nne tangu wajuane, fundi alimpeleka daktari kwa mama yake. Fundi na mama waliishi wawili, ghorofa ya tatu, vyumba viwili na jiko, kila kitu mahali pake, sahani zikiwa zimepangwa kwa ukubwa. Mama alikuwa amefanya kazi miaka thelathini na mmoja kwenye mitambo ya simu, akiunganisha watu kwa waya na vitundu, na mtaa mzima ulimwita Opereta. Alifungua mlango akiwa na gauni la kijani lenye kola nyeupe na hereni za lulu bandia.

"Shikamoo, mama," alisema daktari, kisha akabaki mdomo wazi.

"Marahaba, mwanangu. Ingia ukae. Ila leo usiniulize ni tarehe ngapi, nimechoka."

Fundi aliwatazama mmoja baada ya mwingine. "Mnajuana?"

"Huyu?" alisema Opereta. "Huyu amenishika kichwa mara nne kabla wewe hujamshika mkono."

Ilikuwa kweli. Idara ilihitaji wazee wazima ambao madaktari wanafunzi wangejifunzia kwao, na Opereta alikuwa mgonjwa wa mazoezi kwa mwaka wa nne sasa. Kila Jumatano mchana aliketi kwenye chumba cha mafunzo, akapimwa na wanafunzi wawili au watatu, mmoja baada ya mwingine, kwa fomu ileile. Maneno matano ya kukumbuka: kiatu, barua, jogoo, mlango, pamba. Hesabu ya kutoa saba kutoka mia, na saba tena. Kisha kuchora saa, na mishale yake ioneshe saa tano na dakika kumi, swali lililochaguliwa kwa makusudi, kwa sababu anayesikia "tano" huvutwa kuweka mshale mfupi kwenye namba tano, wakati mahali pake ni kumi na moja. Alama thelathini. Wanafunzi walimpenda kwa sababu aliwasahihisha.

"Umesahau kuniambia nirudie yale maneno, mwanangu. Maksi zako hizo zinapotea."

Jioni ile walicheka mpaka jirani akagonga ukuta. Opereta aliigiza jinsi kila mwanafunzi alivyoshika kalamu. Alimwita daktari "mkwe" kabla ya chai ya pili, na mwanawe hakukanusha.

Miezi saba ilipita hivyo. Kisha daktari akamaliza mitihani yake, na wizara ikampanga kwenye mji mwingine, mwendo wa saa kumi na moja kwa basi, hospitali iliyokuwa ikianzisha kliniki ya kwanza ya akili ya wazee. Miaka miwili, bila kubadilishana na mtu. Kampuni ya fundi ilikuwa na tawi huko, na msimamizi wake alikuwa tayari kumhamisha.

"Nakuja," alisema fundi. "Tunafunga ndoa hukohuko. Lakini kuna mama."

"Mama ana afya kuliko mimi."

"Juzi aliniita kwa jina la baba. Mara mbili."

"Mimi nawaita wagonjwa kwa majina ya wagonjwa wengine kila siku."

"Amehifadhi pasi kwenye kabati la nguo, bado ya moto. Nguo ziliungua." Alikuwa akiongea taratibu, kama mtu anayesoma orodha. "Na chai anaweka chumvi. Halafu anainywa. Sikiliza, mpenzi, mimi najua lifti. Lifti kabla ya kukwama huwa inaleta sauti. Hizi ni sauti. Mpime. Ukiniambia yuko sawa, nitaondoka na moyo mweupe. Ukiniambia hayuko sawa, nabaki, na wewe utanikuta hapahapa baada ya miaka miwili."

Idara ilikuwa na kanuni mbili ambazo kila mwanafunzi alizijua. Ya kwanza: ndugu au jamaa yako humpimi wewe, mpeleke kwa mwenzako. Ya pili aliirudia Profesa kila muhula, na alikuwa mama mfupi mwenye miwani ya mnyororo ambaye hakuwa na tabia ya kurudia maneno: alama za fomu ni nusu ya jibu, nusu nyingine anayo anayeishi na mzee. Hiyo daktari aliwahi kumsimulia fundi kantini.

Daktari alimpima Opereta Jumapili, saa nne asubuhi, kwenye meza ya jikoni, kwa sababu mwenzake alikuwa likizo na barua ya uhamisho ilitakiwa kujibiwa Jumatatu. Ilichukua dakika tisa. Kwa kawaida huchukua ishirini.

"Nitakutajia maneno matano, mama, halafu—"

"Kiatu, barua, jogoo, mlango, pamba."

"Subiri kwanza niyataje."

"Haya, yataje."

Saa aliichora kwa mkono usiotetemeka, duara safi, mshale mfupi kwenye kumi na moja, mrefu kwenye mbili. Kalamu ilianza kuchora kabla swali halijaisha. Daktari aliliona hilo. Akasita, akatazama dirishani ambako shuka za jirani zilikuwa zimeanikwa, kisha akajumlisha. Thelathini kwa thelathini. Aliweka sahihi yake na Jumatatu akaipachika fomu kwenye faili ambalo Opereta alikuwa nalo hospitalini kwa ajili ya presha.

"Yuko sawa," alimwambia fundi kwenye ngazi. "Amepata zote."

Fundi alimwinua juu palepale, viatu vya manjano vikaning'inia hewani, na mwanamke wa ghorofa ya pili akafunga mlango wake kwa kishindo.

Waliishi miezi mitano katika mji ule mpya, naye fundi alipanga chumba mtaa wa pili kutoka kwa daktari mpaka siku ya ndoa ifike. Walinunua kitanda, wakagombana kuhusu rangi ya pazia, wakapatana. Kila siku saa moja jioni fundi alimpigia mama yake, na mama alipokea kwa sauti ileile ya kazini.

"Habari za jioni, nikusaidie nini?"

"Ni mimi, mama."

"Najua ni wewe. Umekula? Mkwe wangu hajambo? Haya, usipoteze hela za simu."

Miaka thelathini na mmoja ilimfundisha kuongea na mtu yeyote dakika mbili bila kukumbuka chochote kuhusu mtu huyo. Simu ndiyo ilikuwa chombo kibaya kuliko vyote cha kumchunguzia.

Wiki tatu kabla ya ndoa, jirani yule aliyewahi kuwagongea ukuta alipiga. Opereta alitoka asubuhi na gauni la kijani na mkoba wa kazini, akatembea mpaka jengo la zamani la mitambo ya simu. Lilikuwa duka la viatu sasa. Alimwambia mlinzi kwamba amechelewa zamu, mlinzi akacheka, yeye akampita na kupanda ngazi ambazo ziliondolewa zamani na mahali pake pakawekwa mteremko wa vigae. Aliangukia ubavu. Nyonga ilivunjika.

Daktari alifika siku mbili baada ya fundi. Opereta alikuwa ameshafanyiwa upasuaji, amelala wodi ya wanawake kitanda cha kumi na nne, kope zikiwa zimefumba nusu, mikono ikivuta waya zisizokuwepo juu ya blanketi na kuzichomeka hewani. Profesa aliitwa. Alisubiri siku nne dawa za usingizi na homa zitoke mwilini, kwa sababu kumpima mapema ni kupima homa. Siku ya tano akaja na fomu na wanafunzi wake, na fundi na daktari wakasimama pembeni ya kitanda.

Fomu ilikuwa mpya. Idara ilikuwa imebadilisha maswali mwezi uliopita.

"Mama, nitakutajia maneno matano, uyashike," alisema Profesa. "Kisu, shuka, daraja, mbuzi, mvua. Nirudie?"

"Sina haja," alisema Opereta, na sura yake ikachangamka kwa mara ya kwanza tangu alazwe. "Kiatu, barua, jogoo, mlango, pamba."

Mwanafunzi mmoja wa kike aliyeshika faili alicheka, akidhani ni utani. Profesa hakucheka. Alimpa karatasi na kalamu.

"Nichoree saa. Mishale ioneshe saa tisa kasorobo."

Opereta alichora duara safi. Mshale mfupi kwenye kumi na moja, mrefu kwenye mbili. Akamrudishia Profesa karatasi. "Saa tano na dakika kumi," alisema. "Hujaniambia niandike jina langu, mwanangu. Maksi zako zinapotea."

Profesa alivua miwani. Alifungua faili, akafunua nyuma miezi mitano, akasoma fomu ya Jumapili, pamoja na sahihi, pamoja na saa ya kuanza na ya kumaliza. Dakika tisa. Hakuinua sauti.

"Tumemfundisha sisi," alisema. "Miaka minne kila Jumatano. Ameshika majibu yetu kuliko anavyoshika jina la mwanawe. Mji mzima kuna mtu mmoja tu ambaye hakutakiwa kupimwa kwa fomu hii, na ndiye aliyepimwa."

Akaondoka na wanafunzi wake.

Walisimama kwenye korido, karibu na kabati la mashuka. Fundi alikuwa hajanyoa siku kumi. Alikuwa na ovaroli ileile, bila penseli.

"Ungemgundua, angepona?" aliuliza.

"Hapana. Ugonjwa ungekuwa uleule. Asingeishi peke yake, basi. Nyonga isingevunjika."

"Atatembea?"

"Kwa umri wake na kichwa hiki, hawezi kufuata mazoezi. Sidhani."

Fundi alimshika daktari mkono. "Ulikosea," alisema. "Basi. Nani angefikiria? Mimi mwenyewe niliwahi kufunga kebo vibaya, Mungu tu akasaidia lifti ilikuwa tupu. Tutamchukua tuishi naye. Tutapanga nyumba ya chini isiyo na ngazi. Ndoa tunaisogeza mbele kidogo. Sawa, mpenzi? Usilie."

Alikuwa amemsamehe tayari, kabisa, na daktari angeweza kunyamaza. Hakuna mtu duniani aliyejua kilichotokea kwenye meza ile isipokuwa yeye na mwanamke aliyekuwa akichomeka waya hewani.

"Sikukosea hivyo unavyofikiri," alisema.

"Unamaanisha nini?"

"Niliona. Alitaja maneno kabla sijayataja. Alianza kuchora kabla sijauliza. Nilijua anajibu kwa kukariri, na nilijua ningeweza kubadilisha maneno, ilikuwa sekunde kumi tu, ningesema kisu badala ya kiatu. Sikutaka. Nilijua nikibadilisha hutakuja na mimi."

Muuguzi alipita na toroli la dawa. Wakamsubiri apite.

"Nilikwambia pasi," alisema fundi. "Nilikwambia chumvi."

"Uliniambia."

"Nilikuletea nusu yangu yote."

"Ndiyo."

"Kwa nini unaniambia sasa? Si nilikuwa nimeshamaliza?"

"Kwa sababu ulikuwa unasamehe kitu ambacho sikufanya."

Aliuachia mkono wake. Hakuuachia kwa hasira. Aliuweka tu kando, kama chombo cha mtu mwingine.

Siku iliyofuata daktari alikuja na barua aliyokwisha kuiandika: anaacha nafasi ile, anarudi hapa, atafanya zamu yoyote idara itakayompa, yeye atamwangalia mama mchana, fundi atamwangalia jioni. Alimsomea yote, wakiwa kwenye benchi la nje ya wodi. Ilikuwa barua nzuri, isiyo na kilio.

"Usiipeleke," alisema fundi.

"Nampenda mama. Unajua hilo si uongo."

"Najua. Na mimi nakupenda, hata leo asubuhi nimeamka nikakutafuta. Lakini sikia. Ukibaki, kila siku nitamgeuza kitandani, nitamsafisha, halafu nikutazame na kuanza upya kazi ya kukusamehe. Ya mama nitaiweza. Hizo mbili kwa pamoja sitaziweza."

"Labda baada ya muda."

"Wewe ndiye mtaalamu. Baada ya muda anakuwaje?"

Jibu lilikuwa linajulikana. Daktari alikunja barua, akasimama, akaingia wodini kuaga. Opereta alimshika mkono kwa furaha, akamwambia awe mvumilivu, laini zote zina watu.

Kliniki ile ya mji wa mbali ilifunguliwa na ikajaa. Daktari alifanya kazi vizuri. Alikuwa na kanuni ya kuwasikiliza wanafamilia kwanza, kabla ya fomu, nao walimsifu kwa subira yake. Wale wanafunzi wa kwanza aliopewa aliwafundisha kubadilisha maneno. Hakuwaeleza kwa nini.

Fundi alipiga mwezi wa sita tangu waachane, saa saba mchana, wakati wa chakula. Alikuwa ameacha kazi ya lifti. Alikuwa akitengeneza redio na pasi za watu nyumbani, ili asitoke.

"Dokta," alisema, na safari hii neno hilo lilikuwa cheo tu. "Nina swali la kitaalamu."

"Uliza."

"Mama anauliza mkwe wake yuko wapi. Mara sita, mara saba kwa siku. Jumatatu nikamwambia ukweli, kwamba tumeachana. Alilia. Akanywa uji, akauliza tena. Nikamwambia tena, akalia vilevile, kama hajawahi kusikia. Nyinyi mnafundishwa nini hapo?"

Alijua. Lilikuwa swali alilowapa wanafunzi wake wiki iliyopita.

"Usimwambie tena," alisema. "Jibu halishiki, maumivu ndiyo yanabaki. Kila ukimwambia, kwake ni mara ya kwanza."

"Niseme nini?"

"Kitu kifupi, kisichomuumiza. Sema nakuja kesho."

"Unakuja kesho."

"Ndiyo. Kila akiuliza, hivyohivyo, kwa sauti ileile. Usibadilishe."

"Mpaka lini?"

"Mpaka aache kuuliza. Kwa kawaida ni miezi, si miaka."

"Sawa. Asante, dokta."

Hakukata mara moja. Nyuma yake kulisikika kitanda kikilia, kisha sauti ya kizee, safi, iliyozoea kupokea watu. Swali lenyewe daktari hakulisikia. Alisikia jibu.

"Anakuja kesho, mama."

"Haya," alisema Opereta. "Mwambie asichelewe."

Simu ikakatika. Ilikuwa imechukua dakika nne.